Mwalimu wa Kufumua

Mwalimu hakumruhusu mtu kushona kabla hajafumua. Ukifika darasani kwake, Kibosho, na kitambaa kipya ulichonunuliwa na baba yako, alikipokea, akakikunja vizuri, akakifungia kabatini, kisha akakupa shati kuukuu la mtumba na wembe. "Fumua," anasema, na hasemi tena. Ulifumua wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka vidole vikajua mshono ulianzia wapi na kwa nini umepinda pale ulipopinda. Wengine walichoka hapo hapo wakaenda mjini Moshi kujifunza kupiga taipu. Mimi nilibaki. Nalisema mapema ili lijulikane: nilibaki, na nilifika kwake mwaka mzima kabla ya Felista. Katika miaka yote niliyomwonea Felista wivu sijawahi kuacha kuuhesabu huo mwaka.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja pembeni ya kanisa. Kulikuwa na cherehani sita za miguu, tatu kati yake nzima, meza ndefu ya kukatia, pasi ya mkaa, na ukuta uliojaa misumari. Kila msichana alikuwa na msumari wake, na hapo alitundika vipande vyake: kola, mfuko, mkono wa shati, tundu za vifungo. Nguo nzima Mwalimu hakuitazama. Alisema nguo nzima mtu anaweza kukudanganya nayo kwa rangi na kwa maringo ya mvaaji, lakini kola ukiigeuza ndani inakuambia yote. Basi sote tulijifunzia kwenye jora moja la bluu lenye mistari myembamba myeupe ambalo parokia ililipata sijui wapi, na kwa miaka mitatu sikuota rangi nyingine.

Ilikuwa ile miaka ambayo mitumba ilikuwa imeanza kumwagika nchini. Wakubwa zetu walikuwa wamezoea kupanga foleni kwenye duka la ushirika kusubiri kitambaa, na sasa ghafla ukiteremka Soko la Memorial unakuta makoti ya Wazungu yamerundikwa chini kama majani ya migomba. Mwalimu aliichukia mitumba kwa moyo wote. "Imetumaliza," alisema kila akipita mtu amevaa sweta la maandishi ya Kiingereza. Halafu Jumatano inafika, anafunga darasa saa nne, anateremka Memorial, na anarudi na furushi. Hakuna mtu Kibosho nzima aliyenunua mitumba mingi kama yeye.

Nilifuatana naye mara kadhaa. Alikuwa hatazami koti kwa nje. Alilichota rundoni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye bitana, akanusa kwapa, akalirudisha. Muuzaji mmoja alimchoka. "Mama, we unanunua nje au ndani?"

"Nje nimekuachia wewe," alimjibu, akaendelea kugeuza.

Siku moja alikaa na koti moja la kijivu la kike kwa muda mrefu, akilishika bega, na nikaona midomo yake inatetemeka. Nilidhani anaumwa. "Angalia," akaniambia, "huyu mtu aliyekata bega hili, sijui ni nani, wala hatanijua. Lakini mae, mama wee, angalia alivyofikiri." Koti lile alilifumua yeye mwenyewe, peke yake, kwa siku nne, na hakulirudishia. Alilitundika vipande vipande kwenye msumari wake. Nadhani nililionea wivu hata koti.

Yeye mwenyewe alivaa gauni moja. Sisemi alikuwa na gauni moja tu, huenda alikuwa na matatu, ila yote yalikuwa ya bluu iliyokolea, mikono mirefu, hayana kola, na sindano yenye uzi mweusi imechomwa kifuani upande wa moyo. Tulimcheka pembeni kwamba mpaka kaburini ataenda na sindano. Alipoulizwa kwa nini hajishonei kitu cha maana, alisema, "Nikijipamba mimi, nani atawaangalia nyinyi?" Lakini sindano ile ilifanya kazi. Kwenye harusi moja bibi harusi alichanikiwa gauni mgongoni wakati maandamano yanaingia kanisani. Mwalimu alitoka kwenye benchi, akasimamisha maandamano yote, padri amesubiri mbele, kwaya imerudia ubeti wa mwisho mara tatu, naye amepiga goti nyuma ya bibi harusi anashona. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akarudi kukaa, akafungua kitabu chake cha nyimbo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Suruali kwa wasichana alizikataza. Msichana akija na suruali alirudishwa nyumbani, hata kama mvua inanyesha. Hata hivyo wanaume walipanda kutoka Moshi mjini kuja kushonewa suruali na yeye, kwa sababu alikata suruali ambayo mtu akikaa haimbani na akisimama haimwagiki. Kuwapima ndiko kulikuwa vichekesho. Mteja alishika mwenyewe ncha ya futi ya juu, Mwalimu akashika ya chini huku ametazama dirishani, kwenye kahawa, akitamka namba kwa sauti ya mtu anayesali rozari. Tukiangua kicheko alitupiga jicho, na jicho lake lilikuwa linatosha.

Kusifu hakujua. Neno lake kubwa kuliko yote lilikuwa "inavalika." Ungeweza kukesha mwezi na tundu za vifungo, ukampelekea, akazipeleka dirishani kwenye mwanga, akazigeuza, akakurudishia bila neno. Siku akisema "inavalika" ulirudi nyumbani ukiimba, mama akakuuliza umeona nini. Mimi katika miaka mitatu nilipata "inavalika" nne. Za Felista zilikuwa saba, katika miaka miwili. Nilizihesabu, na nikikumbuka vizuri ninaweza kutaja kila moja ilikuwa ya kipande gani.

Lakini kuna jambo moja alilonifanyia ambalo hakumfanyia mwingine, na ndilo lililoniharibu. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Shule ya msingi nilichapwa viboko kwa ajili ya mkono huu, na nyumbani bibi yangu alikuwa akinipokonya kijiko. Siku ya kwanza Mwalimu aliponiona nahangaika na mkasi, kitambaa kinatafunika, nilificha mkono nikisubiri makelele. Akauchukua mkasi, akautazama, akasema, "Mkono hauna kosa. Mkasi ndio wenye kosa." Wiki mbili baadaye nilikuta mezani kwangu mkasi mweusi, mzito, uliokuwa umepinda kinyume na mikasi mingine yote. Alikuwa ameupata Memorial, kwenye makorokoro yanayokuja na marobota. Hakuniambia kitu. Nilipoanza kukata, kitambaa kilifunguka chenyewe, na nilitazama juu nikaona ananitazama. Tangu siku hiyo aliniita Kushoto. Nikaamini mimi ndiye mtoto wake, na wengine ni wageni waliokuja kupita tu.

Halafu akaja Felista.

Felista alikuwa amemaliza kidato cha sita kama mimi na kukosa nafasi ya chuo kama mimi. Alikata ovyo, aliimba akishona, na uzi wake ulitapakaa chini mpaka mimi ndiye niliyeufagia. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonishangaza: aliomba. Aliomba kila kitu. "Mwalimu, naomba hicho kipande cha bitana." "Mwalimu, naomba uniambie kwa nini kwapa linakatwa hivi." "Mwalimu, leo naomba mtori, sijala." Mimi kwetu nililelewa kwamba msichana mwenye adabu haombi, anasubiri aonekane. Nilitarajia Mwalimu amkaripie. Badala yake alimpa kipande, alimwambia habari za kwapa, na alimpakulia mtori kwenye bakuli lake mwenyewe. Nilikaa na njaa yangu mezani nikakata mikono sita ya shati mfululizo, yote sawasawa, na hakuna aliyetazama.

Sasa nije kwenye habari ya fomu.

Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akizungukia miradi ya parokia aliingia darasani, akautazama ukuta wa misumari kwa muda mrefu. Alipoondoka alimwachia Mwalimu fomu moja. Chuo kikuu kimoja huko Ubelgiji kilikuwa tayari kumsomesha bure msichana mmoja ubunifu wa mavazi, miaka minne, mpaka digrii. Mmoja tu, na Mwalimu ndiye wa kumwandika. Mpaka siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba nguo inasomewa chuo kikuu. Nilipomweleza baba yangu alicheka mpaka akaiweka kata ya pombe ya mbege chini. "Digrii ya vifungo! Na udaktari utakuwa wa zipu?" Nami nilicheka naye. Lakini usiku ule sikulala, na tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani. Nilitaka jina langu liandikwe kwenye fomu ile.

Mwalimu aliiweka mezani kwake, chini ya pasi ya mkaa isipeperuke. Ikakaa pale. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, mimi ndiye niliyefagia asubuhi. Kila asubuhi niliinua pasi, nikaipangusa fomu vumbi, nikaangalia pale penye mstari wa jina. Mstari ulikuwa mtupu. Nikairudisha pasi. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili, na kila siku nilijiambia leo ataniita.

Chuo kiliomba pia michoro na sampuli za kazi. Hapo ndipo Mwalimu alipofanya mambo yake. Michoro hakuitaka hata kuisikia. "Karatasi haivaliwi," alisema. Yeye aliamini kwamba profesa yeyote mwenye akili akigeuza kola ndani atajua alichonacho mkononi, kwa hiyo angepeleka vipande kumi vya kutoka ukutani, kwenye bati la biskuti, kwa posta, mpaka Ubelgiji. Padri alijaribu kumweleza kwamba vyuo vikuu havifanyi kazi hivyo. Akamwambia padri kwamba na yeye basi kanzu yake ya Jumapili imeshonwa na mtu aliyefanya kazi kwa karatasi, ndiyo maana inavuta bega la kulia.

Jumanne ya wiki ile ya pili niliingia darasani nikakuta msumari wangu una pengo. Kola yangu haipo. Ile kola ndiyo iliyokuwa bora kuliko kazi zangu zote, nimeikata kwa mkasi wangu, nimeimaliza kwa mkono, mistari ya bluu na nyeupe imekutana pembeni bila kuruka hata uzi mmoja. Sikuuliza. Niliona ni dalili, kwamba ameichukua kwa ajili ya bati, kwamba ndiyo ameniandika. Siku mbili nilitembea nikiwa sigusi chini.

Alhamisi nilifika nikakuta bati limefunguliwa mezani, tayari kufungwa kwa kamba. Juu kabisa ilikuwa kola ya bluu ya mistari, imekunjwa vizuri, mistari imekutana pembeni. Na fomu ilikuwa kando yake, imejazwa kwa mwandiko wa Mwalimu. Jina lilikuwa la Felista.

Sikugusa kitu. Wala sikusubiri Mwalimu atoke sakristia alikokuwa akirekebisha vitambaa vya altare. Nilichukua mkasi wangu, nikaweka ufunguo juu ya pasi, nikaondoka. Sijawahi kuwa na hasira kama ile kabla wala baadaye. Kola yangu inakwenda Ulaya kumsomesha mwingine! Nilikwenda kwa shangazi yangu, kwenye soko la Kwa Sadala, akanipa kibaraza na cherehani, nikaanza kushona sare za shule. Na siku za soko, wanawake wa Kibosho walipokuja kununua na kuuza, walinisalimia na kuniuliza, "We si ulikuwa kwa Mwalimu? Imekuwaje?" Nikawaambia. Niliwaambia Mwalimu anachukua kazi ya mtoto huyu anaipa jina la mtoto yule. Niliwaambia kwa sauti ya chini, jambo ambalo ni baya zaidi, maana neno la sauti ya chini linapanda mlima haraka.

Mwaka uliofuata wasichana walioandikishwa darasani kwake walikuwa wanne. Uliofuata, mmoja. Kisha chumba kikageuzwa ghala la viti vya kukodisha. Nilijiambia ni mitumba. Kila mtu alisema ni mitumba, na kahawa nayo ilikuwa imeshuka bei, wazazi wangelipa na nini? Nilijiambia hivyo nikashona sare zangu.

Felista alifaulu. Lazima niliseme kama lilivyo: alifaulu vizuri mno. Alirudi akafungua kazi Dar es Salaam, na kila baada ya miezi michache kuna gazeti lenye picha yake, amesimama katikati ya wasichana warefu waliovaa mambo aliyoyabuni. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Shirimatunda, mjini Moshi, nina duka langu, nashona magauni ya send-off na ya kipaimara, wateja hawakosi. Maisha hayakunitupa. Lakini muuza magazeti alinijua. "Dada, leo ndugu yako yumo," alinitania, na mimi nilinunua gazeti lile, nikalisoma nimesimama, nikitafuta kasoro kwenye mabega. Kuna siku niliipata kasoro, mkono wa kushoto ulikuwa umevuta kidogo. Nilifurahi mpaka jioni.

Kisha likaja gazeti lile lililonipandisha Kibosho. Felista aliulizwa nani alimfundisha, akasema ni mwalimu wake wa ushonaji kule mlimani, na kwamba kwenye onyesho lake kubwa linalokuja atakwenda kumchukua mwenyewe, amkalishe kiti cha mbele. Nililisoma mara mbili. Nikasema, huyu hatanitangulia mara ya pili. Nilifunga duka mchana kweupe, wateja wananiangalia, nikanunua kilo mbili za sukari na doti ya kitenge, nikapanda gari la Kibosho. Nataka ieleweke kwamba sikwenda kwa upendo. Nilikwenda kwa wivu, na nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyokuwa nimeyanoa kwa zaidi ya miaka kumi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kihambani, kwenye shamba lake la migomba, ameketi kwenye kigoda karibu na zizi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alikuwa amepungua, na macho yake yalikuwa yameingia weupe. Gauni ni lile lile la bluu, na juu yake amejifunga kitenge, amejikunyata kwa baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aligeuza sikio badala ya uso. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Kushoto," akasema. "Mae! Umechelewa kufagia."

Nilitaka kucheka, hasira ikanizuia. Nilimwekea sukari na kitenge mapajani, akakipapasa kitenge, akavuta uzi mmoja wa pembeni, akausikiliza ukikatika. "Aika," akanishukuru. Tulizungumza habari za ng'ombe, za mvua, za waliokufa. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, gazetini wanasema Felista anakuja kukuchukua."

"Amesema hivyo."

"Basi mimi nimekuja kukuuliza jambo moja kabla hajafika. Kola yangu uliipeleka Ubelgiji kwa jina lake. Kwa nini?"

Alikikaza kitenge alichojifunga. Kisha akasema, "Ingia ndani. Juu ya kabati kuna bati. Chuo kililirudisha na barua ya shukrani. Lilete."

Bati lilikuwa lile lile, kutu imeanza kulila pembeni. Nililifungua mbele yake. Kola ilikuwa bado juu kabisa. Niliichukua, na nikafanya alichotufundisha: nikaigeuza ndani.

Mtu wa kulia akishona kwa mkono, nyuzi zake zinalalia upande mmoja. Mtu wa kushoto, zinalalia upande mwingine. Hili hulijui mpaka uwe umefumua mashati mengi. Nyuzi za kola ile zote zilikuwa zimelalia upande wa watu wengine. Niliipeleka kwenye mwanga, nikaigeuza tena, nikatafuta uzi hata mmoja wa kwangu. Haukuwepo. Kola ilikuwa ya Felista. Ameishona yeye mwenyewe, kwa mkono wake ule wa ovyo, na mistari imekutana, na pale nyuma ya shingo ilikaa vizuri kuliko nilivyowahi kuikalisha mimi. Hilo liliniuma kabla ya mengine yote. Hata pale, nimesimama na kosa langu mkononi, kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa wivu.

"Yangu iko wapi?" nikauliza.

Akafungua kitenge alichojifunga. Gauni la bluu, lile ambalo halikuwahi kuwa na kola, lilikuwa na kola ya mistari. Ilikuwa imechujuka kwa kufuliwa, pembe zimeanza kulika. Sikuhitaji kuigeuza ndani.

"Niliichukua ukutani Jumatatu jioni," akasema. "Sikukuomba, na hilo ni kosa langu. Nilitaka niivae Jumapili, kanisani, uione. Jumapili hukuwepo."

"Na fomu, Mwalimu?"

"Fomu Felista aliniomba."

"Aliomba tu?"

"Alikuja hapa na mama yake, akaniomba. Nikamwambia asubiri. Fomu nikaiacha chini ya pasi wiki mbili haina jina, na wewe ukiipangusa vumbi kila asubuhi. Nilikuwa nakusikia kutoka sakristia ukiinua pasi, Kushoto. Nikasema leo atasema. Nikasema kesho atasema. Posta ilikuwa Alhamisi."

"Ungeniita!"

"Ningekuita," akakubali. "Nilikuwa na kiburi. Mimi nilitaka mtu anayeomba. Huko wanakokwenda hawana mtu wa kuwaona wamenyamaza."

Nilikaa chini, kwenye nyasi zenye umande, na nguo yangu ya mjini. Nilikuwa nimekuja na kesi, na kesi yote imeisha. Nilishindwa na mtu aliyestahili, na aliyefungua mlango ni mimi kwa ulimi wangu uliokaa kimya pale pa kusema. Na pale pa kunyamaza ndipo ulipozungumza.

"Mwalimu," nikasema, "kuna maneno niliyasema Kwa Sadala."

"Kibosho ni ndogo," akasema. "Niliyasikia kabla sukari ya wiki ile haijaisha."

"Na hukunijibu."

"Ningemjibu nani? Wasichana hawakuja tena. Niliwashonea ng'ombe matandiko ya magunia." Alitabasamu kidogo, lakini mkono wake ulikuwa umeishika ile kola shingoni.

Niliinuka nikaenda mpakani mwa kihamba, pale isale ilipopandwa kutenganisha shamba lake na la jirani. Nimeiona tangu utotoni, lakini sikuwahi kuikata kwa shughuli yake. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lile limefungwa fundo, ameomba msamaha kwa njia iliyo kubwa kuliko maneno, na wazee wetu hawakumrudisha mtu aliyekuja nalo. Nilikata moja, nikalifunga, nikarudi nikapiga magoti na kuliweka kwenye kiganja chake.

Alilipapasa. Vidole vyake vilifuata fundo, vikalizunguka, vikarudi vilikotoka.

"Limefungwa kwa kushoto," akasema. Akalichomeka kifuani, pale pa sindano. "Nimelipokea."

Tulikaa. Moshi wa jikoni kwa jirani ulipita chini chini ya migomba. Nililia kidogo na yeye akaniacha nilie. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hilo onyesho la Felista, unafikiri huko Dar ni joto sana? Hili gauni litanichemsha."

Nilihisi kitu kile kile kinanipanda kifuani, kama miaka yote. Felista atamkalisha kiti cha mbele. Felista atapigwa picha naye. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mbele ya mwanamke yule, neno likatoka.

"Mwalimu, naomba gauni utakalovaa siku hiyo nilishone mimi."

Alinigeuzia uso wote, macho yale meupe na yote.

"Una futi?"

Ninayo kila siku, mkobani. Aliweka mkono begani kwangu, akasimama taratibu, akanyoosha mikono yake pembeni ili nimpime.